Sukari ya Ruaha Ndani ya Kompyuta

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa, akifika Mikumi akaiacha barabara kuu na kushika njia iendayo Ifakara, hufika Ruaha kabla ya kuvuka mto. Hapo ndipo penye miwa. Upande wa Wilaya ya Kilosa kuna kiwanda cha sukari cha Ruembe. Ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu kuna cha Msolwa. Na mashamba, ya kampuni na ya wakulima wadogo, yameenea pande zote mbili za mto. Msimu wa mavuno ukifika, miwa huchomwa moto ili majani yapungue, hukatwa, hupakiwa kwenye trela, kisha hukimbizwa kiwandani. Nasema hukimbizwa kwa sababu muwa uliokatwa hauna subira. Ukilala shambani siku nyingi sukari yake hupungua, na mkulima ambaye malipo yake hufuata kiasi cha sukari kilichomo hupata hasara, hata kama mzigo wake haujapungua uzito sana.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi muwa huo unavyoweza kufundisha kemia ya chuo kikuu kwa msaada wa kompyuta, na kwa nini kompyuta hiyo haifai kitu ikiwa mwanafunzi hatakiwi kufikiri kabla ya kuibonyeza. Nawaandikia walimu na wanafunzi wa sekondari kwa kuwa mwanafunzi wa kidato cha sita wa leo ndiye atakayeketi katika ukumbi wa mihadhara mwakani. Tena mengi yaliyomo humu yaweza kufanywa darasani pasipo kompyuta hata moja.

NYUSO TATU ZA KEMIA

Mwaka 1991 Alex Johnstone, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alieleza kwa nini somo hili huwashinda watu wengi wenye akili nzuri. Kemia, alisema, ina nyuso tatu. Uso wa kwanza ni ule wa mambo tunayoyaona na kuyagusa: sukari inayeyuka, moto unawaka, rangi inabadilika. Wa pili ni ule wa atomi na molekuli, ambazo hakuna jicho linaloziona. Wa tatu ni ule wa alama, milinganyo na hesabu. Mtaalamu huruka kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kujitambua, ilhali mwanafunzi hubaki ameduwaa, hajui mwalimu wake yuko upande gani.

Maabara huonyesha uso wa kwanza. Ubao huonyesha wa tatu. Ule wa pili, ambao ndio kiini cha somo lenyewe, huachiwa mawazo ya mwanafunzi, na matokeo yake tunayaona kila mwaka tunaposahihisha mitihani. Mwanafunzi aweza kukokotoa kasi ya mmenyuko na kupata jibu sahihi hadi desimali ya tatu. Lakini mwombe achore kilichomo ndani ya chupa baada ya saa moja, naye atachora vitu ambavyo hesabu yake mwenyewe inavikataa.

Hapa ndipo mwigo wa kompyuta unapoingia. Mwigo ni mfano wa jambo fulani unaotendeka ndani ya mashine kwa kufuata kanuni tulizoiandikia. Mbinu hii ilianza kwa watafiti. Mwaka 1953 Nicholas Metropolis na wenzake wa Los Alamos, Marekani, walichapisha njia ya kutumia bahati nasibu kukokotoa tabia ya molekuli nyingi kwa pamoja. Na mwaka 1964 Aneesur Rahman aliiga mwendo wa atomi 864 za argoni katika hali ya umajimaji. Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Kwa hiyo walimu walionifundisha mimi walisoma kemia yao kwa vitabu vya logi. Leo simu ya mkononi aliyonayo mwanafunzi ina uwezo mkubwa kuliko mashine aliyoitumia Rahman.

MUWA ULIOZAA HESABU

Mwaka 1850, mjini Heidelberg, Ujerumani, Ludwig Wilhelmy alijiuliza swali ambalo lilikuwa jipya: je, sukari ya miwa ikitiwa katika maji yenye asidi, hupungua kwa mwendo gani? Molekuli moja ya sukrosi, ambayo ndiyo sukari tunayotia katika chai, hupokea molekuli moja ya maji na kuvunjika kuwa mbili, moja ya glukosi na moja ya fruktosi. Asidi yenyewe haiishi. Ni kichocheo tu. Macho hayaoni tofauti yoyote, maana kimiminiko hakina rangi toka mwanzo hadi mwisho.

Nuru, hata hivyo, huona. Nuru iliyochujwa hata ikabaki na mtetemo wa upande mmoja tu, ikipita katika myeyusho wa sukrosi, mtetemo wake huzungushwa kuelekea kulia. Fruktosi huuzungusha kuelekea kushoto, tena kwa nguvu kuliko glukosi inavyouzungusha kulia. Basi kadiri sukrosi inavyovunjika, mzunguko hupungua, hufika sifuri, kisha hugeukia upande wa pili. Ndiyo maana mmenyuko huu huitwa mgeuko wa sukari. Kwa chombo kiitwacho polarimita, ambacho hata leo viwanda vya sukari hukitumia, Wilhelmy aliufuatilia mgeuko huo na kugundua kwamba kasi yake katika kila wakati hulingana na kiasi cha sukari kilichobaki. Ikibaki nusu, kasi nayo ni nusu.

Huo ndio mwanzo wa kupima na kuandika kasi ya mmenyuko kwa hesabu. Miaka 39 baadaye, mwaka 1889, Svante Arrhenius wa Uswidi aliuchukua mgeuko huo huo wa sukari ya miwa alipokuwa akieleza jinsi joto linavyoongeza kasi. Kwa hiyo sura ile ndefu ya kasi za mimenyuko, inayowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, mizizi yake imo katika muwa. Sioni kwa nini mtoto wa Kilosa afundishwe sura hiyo kwa gesi ambazo hajapata kuziona wala kuzinusa.

Mwigo wa mmenyuko huu ni mwepesi kuutengeneza. Hata jedwali la kawaida la hesabu katika kompyuta latosha. Tunaiambia mashine iwe na molekuli 10,000 za sukrosi. Kila sekunde, kwa kila molekuli, mashine inapiga kura. Kura ikiangukia upande fulani, molekuli huvunjika, na nukta moja nyeupe katika kioo inakuwa nukta mbili, moja nyekundu na moja ya kijani. Jambo la kuzingatia ni kwamba molekuli haina kumbukumbu. Ile iliyodumu saa nzima haina hatari kubwa zaidi ya kuvunjika kuliko ilivyokuwa nayo mwanzoni. Ukiitazama nukta moja, hujui lini itavunjika. Ukizitazama zote 10,000, mchirizi wa grafu unashuka kwa utulivu ule ule aliouona Wilhelmy. Ya kwamba kanuni iliyonyooka namna hii huzaliwa na bahati nasibu tupu ni jambo ambalo mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, nililikariri miaka mingi kabla ya kulielewa.

KOSA LA MWAKA WA KWANZA

Mara ya kwanza nilipouleta mwigo huu darasani niliuonyesha ukutani kama sinema. Wanafunzi waliufurahia sana, wengine wakapiga makofi. Majaribio yalipofika, majibu yao yalikuwa kama ya wenzao wa mwaka uliotangulia, na michoro ya chupa ilikuwa na makosa yale yale. Nilihuzunika, kwa kuwa nilikuwa nimetumia likizo nzima kuuandika. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nimebadilisha ubao tu. Mwanafunzi alikuwa bado mtazamaji.

Mwaka uliofuata niliweka sharti moja. Kabla ya mwigo kuwashwa, kila mtu ataandika kwa kalamu ya wino jibu analolitarajia, kisha atamweleza jirani yake sababu. Ndipo tutaendesha. Sharti hilo dogo liligeuza darasa zima.

Swali la kwanza lilikuwa hili: nusu ya sukari imevunjika katika dakika 30; baada ya dakika 30 nyingine itabaki kiasi gani? Wako walioandika kwamba haitabaki hata chembe. Si wajinga hao. Wamezoea ndoo inayovuja na safari ya basi, mambo yaendayo kwa mwendo mmoja. Mwigo ukawaonyesha kwamba imebaki robo, na baada ya nusu saa nyingine sehemu moja ya nane.

Swali la pili liliwanasa karibu wote, hata wale waliokuwa na alama za juu. Halijoto ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi, kasi itaongezeka mara ngapi? Jibu la kalamu ya wino likawa lile lile: mara mbili. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni, kwamba kila nyuzi 10 huongeza kasi maradufu. Mwigo, tulioutilia nishati ya kuanzisha mmenyuko ya kilojuli 108 hivi kwa moli, ambayo ndiyo ya sukrosi, ukatoa mara nne. Kwa nyuzi 45 ukatoa mara 15. Darasa likachafuka. Kuna waliosema programu ina kasoro, na wakataka kuukagua mlinganyo wa Arrhenius mstari kwa mstari, kazi ambayo mwaka uliopita nilishindwa kuwashawishi waifanye. Waligundua wenyewe kwamba ile kanuni ya maradufu ni kweli kwa mimenyuko ambayo nishati yake ya kuanzia ni kilojuli 50 na kitu tu, na kwamba kizingiti kikiwa kirefu zaidi, joto huwa na nguvu zaidi.

Niongeze hapa jambo moja la pembeni. Mhadhara wetu ni wa Kiingereza, lakini ubishi ule wote ulikuwa wa Kiswahili, nami sikuuzuia. Msamiati upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Mtu habishani kwa dhati katika lugha anayoiogopa.

PINGAMIZI LA MWANAFUNZI WA RUAHA

Katika darasa hilo alikuwamo kijana mmoja mzaliwa wa Ruaha, mtoto wa mkulima wa miwa. Tulipofika mwisho wa kipindi alinyanyua mkono. "Mwalimu," alisema, "mwigo huu hauijui miwa ya kwetu."

Nikamwomba aeleze. Akasema kwamba ametia katika mwigo hali halisi ya muwa ulioko shambani: halijoto ya nyuzi 30, na uasidi wa maji ya miwa, ambao katika kipimo cha pH ni karibu 5. Asidi ya maabara tuliyokuwa tumeiiga ina pH ya sifuri. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara 10 katika wingi wa ioni za hidrojeni, kwa hiyo hatua tano ni mara 100,000, na kasi ya mgeuko hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kilichochukua saa chache ndani ya chupa yetu, ndani ya muwa kingechukua miaka, tena mingi. "Nasi nyumbani," akasema, "tunajua kwamba wiki moja ni hasara tupu."

Nakiri kwamba sikuwa nimelifikiria swali hilo. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwigo nao ulikuwa sahihi kwa yale tuliyouandikia. Kilichokosekana kilikuwa katika akili zetu: tulidhani asidi ndiyo mkosaji pekee. Juma zima darasa likawinda mkosaji mwingine, na wakapatikana wawili. Wa kwanza ni kimeng'enya kilichomo ndani ya muwa wenyewe, invatesi, ambacho huvunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi kwa njia ya mkato yenye kizingiti kifupi mno cha nishati. Wa pili ni bakteria wa jamii ya Leuconostoc, wanaoingia kupitia sehemu iliyokatwa, hula sukari, hutoa asidi, na kuacha utelezi unaosumbua mitambo. Ndiyo maana miwa hutakiwa kusagwa ndani ya siku moja au mbili.

Lakini yule asidi tuliyemwachilia huru shambani, darasa lilimkamata tena kiwandani. Maji ya miwa yakipashwa joto karibu na nyuzi 100, mwigo unaonyesha kwamba kasi ya mgeuko huongezeka zaidi ya mara 6,000 kuliko ilivyo kwenye nyuzi 25. Miaka inakuwa siku. Kwa pH ya 5 hasara hufikia karibu asilimia moja ya sukari kwa kila saa, na kwa kiwanda hicho si kiasi cha kupuuza. Kwa hiyo kabla ya kuchemsha, viwanda hutia chokaa ili kuupunguza uasidi. Mwanafunzi wetu wa Ruaha alikuwa ameyaona mapipa ya chokaa tangu utotoni, akidhani ni ya kusafisha rangi tu. Kusafisha ni kazi yake mojawapo. Hiyo nyingine aliifahamu siku ile.

Tangu hapo sifundishi mwigo wowote bila kuuliza swali hili la tatu: ni kitu gani ambacho mwigo huu haukijui? Mwanafunzi asiyeulizwa hivyo ataiamini kompyuta kama alivyokuwa akiliamini daftari.

USHAHIDI, NA VIFAA VILIVYOPO

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya darasa moja. Ni kweli. Lakini mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na ujifunzaji shirikishi katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ya vyuo vikuu. Katika mihadhara ya kawaida walioshindwa walikuwa asilimia 34 hivi; katika madarasa shirikishi, asilimia 22 hivi. Izingatiwe kwamba tafiti hizo zilihusu kila namna ya kumshirikisha mwanafunzi, wala si kompyuta pekee.

Asiyejua kuandika programu ana pa kuanzia. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyekuwa ametunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mradi uitwao PhET. Miigo yake ya kemia na fizikia hutolewa bure, mingine imefasiriwa kwa Kiswahili, na ikishapakuliwa huendeshwa bila intaneti. Mwalimu aweza kuipakua mjini siku moja akaitumia shuleni mwaka mzima. Tahadhari yangu ni moja: miigo hii isiwe kisingizio cha kufunga maabara. Anayejua asidi kwa nukta za kioo tu hajui asidi.

MWIGO WA VIZIBO

Pasipo umeme, chukua vizibo 100 vya chupa za soda, punje za mahindi na maharage. Kila kizibo ni molekuli ya sukrosi. Vitie katika kopo, vitikise, vimwage mezani. Kila kizibo kilicholala kifudifudi kimevunjika: kiondoe, na mahali pake weka punje moja ya mahindi kuwa glukosi na harage moja kuwa fruktosi. Hesabu vilivyobaki, andika, rudia. Kizibo si sarafu, hakianguki nusu kwa nusu, kwa hiyo wanafunzi watalazimika kuipata wenyewe bahati ya kuvunjika kutokana na hesabu zao, kama Wilhelmy alivyoipata kasi yake. Makundi kumi yakijumlisha matokeo, grafu itanyooka kuliko ya kundi moja. Hilo nalo laulizwa kabla, si baada.

Walio katika kidato cha sita wafanye na la msawazo. Weka punje 90 katika bakuli la kwanza, la pili liwe tupu. Kila zamu hamisha theluthi ya zilizomo katika la kwanza, na wakati huo huo rudisha sehemu moja ya sita ya zilizomo katika la pili, ukikadiria pale zisipogawanyika sawasawa. Zitatulia karibu na 30 na 60, huku punje 10 zikienda na 10 zikirudi kila zamu. Wale waliobashiri kwamba msawazo ni kusimama, au ni 45 kwa 45, waanzie upande wa pili waone.

Kijana wa Ruaha aliendelea na wake. Aliwatia bakteria ndani ya mwigo: wanaanza wachache kwenye ncha iliyokatwa, wanaongezeka maradufu kila baada ya muda fulani, na kila mmoja anakula sukari yake. Grafu aliyoipata haikufanana hata kidogo na ile ya Wilhelmy. Kabla hujaitengeneza wewe kwa kompyuta au kwa vizibo, chukua karatasi na kalamu ya wino, uweke siku sita za trela iliyokwama matopeni wakati wa masika kwenye mstari wa chini na sukari iliyobaki kwenye mstari wa kando, kisha uchore umbo unalolitarajia.